Nauli Iliyofutika Kwenye Hesabu: Kisa cha Tathmini ya Kiuchumi Katika Jaribio la Tiba ya Saratani ya Watoto

Kisa hiki kinatoka katika hospitali moja ya rufaa magharibi mwa Kenya. Jina la hospitali, miaka ya jaribio na kaunti za familia zimeondolewa. Idadi ya watoto na bei zimebadilishwa ili asitambulike mtu. Zitumie kufuatilia hesabu, usizinukuu kama matokeo ya utafiti.

Usuli

Limfoma ya Burkitt ni saratani ambayo wauguzi wa kanda ya Ziwa Viktoria huitambua kwa macho: taya lililovimba hadi meno yakalegea, au tumbo lililojaa ndani ya wiki mbili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliieleza mwaka 1958. Huonekana zaidi penye malaria nyingi, na huhusishwa na virusi vya Epstein-Barr. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 hadi 2. Kasi hiyo ndiyo inayofanya dawa ziupunguze uvimbe upesi, na kwa kasi hiyo hiyo uvimbe hurudi mtoto akikosa dawa wiki chache.

Tiba ya kawaida hospitalini hapo ilikuwa mizunguko 6 ya siklofosfamidi, vinkristini na prednisoloni, pamoja na methotreksati ya kudungwa kwenye uti wa mgongo. Jaribio lililinganisha tiba hiyo (Kundi A, watoto 60) na tiba hiyo hiyo ikiongezewa methotreksati ya mshipani (Kundi B, watoto 60). Nyongeza hiyo ilidai usiku 3 wodini kila mzunguko, kwa maana mtoto lazima apewe maji mengi, apimwe figo, kisha apewe asidi foliniki ya kuzuia dawa isimdhuru.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua mwaka 2018 mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani katika kupona ifikapo 2030, na limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zilizotajwa humo. Kamati ya dawa ya hospitali ilikuwa na swali finyu zaidi: je, Kundi B likifanya vizuri, tutamudu?

Jinsi tathmini ilivyopangwa

Tathmini ya kiuchumi iliandikwa ndani ya itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio, tangu mwanzo. Hilo lilisaidia sana, kwa kuwa fomu za gharama zilijazwa siku mtoto alipotibiwa. Kukusanya gharama baada ya jaribio kufungwa ni kuokota punje zilizomwagika mchangani.

Maamuzi manne ya mwanzo ndiyo yaliyobeba kila kilichofuata.

La kwanza ni mtazamo. Timu ilihesabu gharama za hospitali peke yake, kwa sababu hospitali ndiyo iliyouliza swali.

La pili ni kipimo cha manufaa. Wastani wa umri ulikuwa miaka 6. Dodoso la EQ-5D-Y la ubora wa maisha, ambalo watoto hujijazia wenyewe, limetengenezwa kwa wa miaka 8 hadi 15. Timu haikutaka kukisia raha na maumivu ya mtoto wa miaka 5 kupitia majibu ya mzazi, ikachagua kitu kinachoonekana: mtoto yu hai bila uvimbe kurudi baada ya miezi 12. Kwa ugonjwa huu ni kipimo kizuri, maana uvimbe ukirudi kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.

La tatu, mtoto aliyepona alihesabiwa kuwa na miaka 60 mbele yake. Ukipunguza thamani ya miaka ijayo kwa asilimia 3 kila mwaka, miaka 60 hubaki 27.7. Kwa asilimia 5 hubaki 18.9. Anayesoma tathmini ya tiba ya watoto aanzie hapa, kwa sababu faida yote iko mbali mbele huku gharama yote ikilipwa leo.

La nne: gharama za utafiti zisihesabiwe. Mshahara wa karani wa data, karatasi za ridhaa na sampuli za ziada za maabara vyote viliondolewa, na ni sawa, kwani hospitali haitavinunua jaribio likiisha. Katika orodha hiyo hiyo ya vitu vya kuondoa, mstari wa tisa, iliandikwa "nauli na simu kwa wazazi", vitu ambavyo jaribio lilikuwa likivilipia.

Kazi ya kuhesabu

Kosa la kwanza lilikuwa la vichupa. Mtoto wa kilo 18 na urefu wa sentimita 110 ana eneo la mwili la mita za mraba 0.74: zidisha urefu kwa uzito, gawa kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili. Vinkristini ya miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba ni miligramu 1.11. Laha ya hesabu ilizidisha 1.11 kwa bei ya miligramu moja. Lakini mfamasia hafungui miligramu 1.11. Hufungua kichupa cha miligramu 2, na 0.89 iliyobaki hutupwa, isipokuwa kuna mtoto mwingine asubuhi hiyo. Mtafiti msaidizi alikaa chumba cha kuchanganyia dawa Jumanne nne mfululizo akihesabu vichupa vitupu. Watoto wanne wa umri wa karibu walipopangwa siku moja, miligramu 4.4 zilitoka kwenye vichupa 3 badala ya 4. Mtoto akija peke yake Ijumaa, alimaliza kichupa kizima. Tangu hapo gharama ya dawa ikahesabiwa kwa vichupa vilivyofunguliwa, na kliniki ikakusanya watoto siku moja, jambo ambalo halikuwa kwenye itifaki lakini liliokoa dawa.

Kuna akiba moja ambayo timu iliikataa, na ilifanya vyema. Mtu alipendekeza vinkristini ivutwe kwenye bomba la sindano badala ya kuwekwa kwenye mfuko mdogo wa maji ya chumvi, ili kuokoa bei ya mfuko. Vinkristini ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo huua, na watoto hawa hawa hudungwa methotreksati hapo hapo mgongoni. WHO hupendekeza mfuko kwa sababu hakuna anayeweza kuuchanganya na sindano ya mgongo. Bei ya mfuko ilibaki kwenye hesabu.

Kosa la pili lilikuwa la kitanda. Hospitali humtoza mgonjwa ada ya usiku, lakini ada si gharama; ni bei iliyoamuliwa na bodi. Timu ilichukua matumizi yote ya wodi ya watoto kwa mwaka, mishahara, chakula, umeme, usafi na sehemu yake ya utawala, ikapata Sh21.5 milioni. Ikagawa kwa vitanda 24 mara siku 365, yaani 8,760, na usiku mmoja ukawa Sh2,454. Nesi mkuu alipoiona alisema mara moja kwamba haiwezekani, maana vitanda vingi hulaza watoto wawili, mmoja kichwani mwingine miguuni. Daftari la hesabu ya usiku wa manane lilionyesha usiku 11,620 wa wagonjwa. Gharama halisi ikawa Sh1,850. Ni aibu kwa nchi kwamba tarakimu ile ilishuka kwa sababu ya watoto kubanana, na ripoti ilipaswa kulisema hilo waziwazi.

Kosa la tatu lilitokana na dawa kuisha stoo. Zilipoisha, wazazi walitumwa kununua kwenye duka la dawa mjini. Fomu ya hospitali iliandika dawa imetolewa, fomu ya mzazi ikaandika dawa imenunuliwa, na kichupa kimoja kikahesabiwa mara mbili. Fomu 19 zilikuwa hivyo. Baada ya kusahihisha, wastani wa Kundi A ulishuka kutoka Sh126,000 hadi Sh118,000 kwa mtoto.

La nne halikuonekana hadi mtakwimu alipochora grafu. Watoto 11 walikuwa na gharama ya sifuri katika miezi ya mwisho. Hawakuwa wamekoma kugharimu. Fomu zao ndizo hazikupatikana, au walikuwa wamekatiza matibabu. Programu ilikuwa imejaza nafasi tupu kwa sifuri. Ukiliacha hilo, mtoto aliyepotea huonekana rahisi kumtibu kuliko aliyemaliza dozi.

Matokeo ya jaribio

Miezi 12 ilipotimia, watoto 33 kati ya 60 wa Kundi A walikuwa hai bila uvimbe kurudi, sawa na asilimia 55. Kundi B walikuwa 39, asilimia 65. Waliokatiza matibabu, yaani kukosa wiki 4 mfululizo au zaidi, walikuwa 3 Kundi A na 4 Kundi B.

Gharama ya hospitali kwa mtoto wa Kundi B ilikuwa Sh171,000. Nyongeza ya Sh53,000 iligawanyika hivi: usiku 18 wodini Sh33,300, methotreksati na asidi foliniki Sh12,600, vipimo vya figo na damu Sh4,700, na homa zilizotokana na chembe nyeupe kupungua Sh2,400. Dawa yenyewe, ambayo kamati iliiogopa, ilikuwa chini ya robo.

Sh53,000 kwa nyongeza ya pointi 10 za asilimia ni Sh530,000 kwa kila mtoto wa ziada aliyepona, au takriban Sh19,100 kwa mwaka mmoja wa maisha. Kwa punguzo la asilimia 5 ni Sh28,000. Ili kuona tarakimu hizo zinavyoweza kuyumba, timu ilichota upya sampuli mara 1,000, ikichukua gharama na matokeo ya mtoto yule yule kwa pamoja, na ikatumia wastani badala ya mtoto wa katikati, kwa sababu wachache waliolazwa muda mrefu ndio wanaomaliza bajeti na mtoto wa katikati huwaficha.

Muhtasari wa kurasa mbili ulikwenda kwa kamati. Ulisema tiba ya Kundi B "inagharimu Sh53,000 zaidi kwa mtoto na inaokoa maisha". Kila neno lilikuwa kweli. Kamati ikaidhinisha Sh2.12 milioni kwa mwaka kwa watoto 40.

Kilichotokea baadaye

Jaribio lilifungwa. Methotreksati ilinunuliwa, wauguzi walikuwa wameshaizoea, wodi ikaendelea. Nauli ilikoma pamoja na ruzuku ya utafiti.

Katika miezi 9 iliyofuata watoto 24 walianza tiba mpya. Tisa waliikatiza.

Afisa wa ustawi wa jamii aliwapigia wazazi wa wale tisa, akawapata saba. Hakuna aliyesema dawa ni kali. Nyanya mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu alimweleza hivi: kila safari ni bodaboda hadi lami, matatu hadi mjini, kisha usiku tatu. Akiwa wodini, omena hakuna anayeinunua ufuoni wala anayeiuza sokoni. Mtaji wake ulikuwa Sh3,000. Mzunguko wa kwanza aliulinda. Wa pili aliutumia nusu kwa nauli na chakula. Kufikia wa tatu alikuwa na deni la chama na hana cha kuanzia. Uvimbe wa taya la mtoto ulikuwa umeshuka kabisa, na majirani walisema amepona.

Hapo ndipo hesabu ya kawaida ya "siku za kazi zilizopotea" inaposhindwa. Ukizidisha usiku 3 kwa kipato cha siku, utapata mia chache. Mchuuzi aliyekula mtaji wake hapotezi siku tatu, anapoteza biashara.

Hesabu ya pili

Timu ilirudi mezani. Nauli na simu vilikuwa vimegharimu Sh21,000 kwa mtoto: safari 12 kwa wastani wa Sh1,400 kwenda na kurudi, ambazo ni Sh16,800, na Sh4,200 za simu na muda wa mhudumu anayefuatilia.

Ilitafutwa picha ya kabla ya jaribio. Rejista ya hospitali ilikuwa na watoto 94 wa ugonjwa huo. 70 wangekubalika jaribioni kwa vigezo vile vile. Kati yao 23 walikatiza matibabu na 26 walikuwa hai baada ya mwaka, asilimia 37. Wastani wa gharama ulikuwa Sh89,000, mdogo kwa sababu anayeondoka hatumii dawa. Kwa tiba mpya bila nauli, timu ilikadiria Sh128,000 na asilimia 41, ikitumia kasi ya kupotea iliyoonekana katika ile miezi 9.

Sasa njia zikawa nne badala ya mbili:

- Tiba ya kawaida bila nauli: Sh89,000, asilimia 37.
- Tiba mpya bila nauli: Sh128,000, asilimia 41.
- Tiba ya kawaida na nauli: Sh139,000, asilimia 55.
- Tiba mpya na nauli: Sh192,000, asilimia 65.

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hatua ambayo hospitali ilikuwa imechukua bila kujua, ni Sh39,000 kwa pointi 4: Sh975,000 kwa kila mtoto wa ziada aliyepona. Kutoka ya kwanza kwenda ya tatu ni Sh50,000 kwa pointi 18, takriban Sh278,000. Njia ya pili inaondoka kwenye mjadala, kwa sababu ya tatu huokoa mtoto kwa chini ya theluthi ya bei. Kutoka ya tatu kwenda ya nne ni Sh530,000, ile ile tarakimu ya jaribio.

Kamati ilibadili uamuzi. Nauli ililipwa kwa watoto wote. Methotreksati ya mshipani ilibakizwa kwa wale ambao ugonjwa umeenea, hadi bajeti iruhusu. Ugumu ulikuwa kwenye vitabu vya fedha: kasma ya dawa ipo, ya nauli ya mama haipo. Hatimaye ilipitia dawati la ustawi wa jamii, ikitumwa kwa simu mtoto akifika, si kabla ya kusafiri. Wazazi wa mbali zaidi walilazimika kukopa kwanza.

Katika miezi 12 iliyofuata watoto 31 walianza tiba na 4 wakaikatiza. Fedha za nauli ziliisha mwezi wa saba kwa wiki 5. Watatu kati ya wanne walipotea katika wiki hizo.

Uchambuzi

Kwa nini wataalamu makini waliikosa nauli? Kwa sababu kihesabu haikuwa na athari. Makundi yote mawili yalilipwa sawa, na ukitoa Sh21,000 kwa Sh21,000 unabaki na sifuri. Hata kama isingefutwa kwenye mstari wa tisa, tofauti ingebaki Sh53,000. Ila kilichofutwa kilikuwa gharama tu. Athari yake ilibaki ndani ya ile asilimia 55 na ile 65. Gharama za utafiti huondolewa kwa haki pale tu zisipobadili kinachompata mtoto. Karani wa data habadili. Nauli ilibadili, na ilimgusa zaidi mtoto wa Kundi B, ambaye tiba yake ilidai usiku 18 zaidi mbali na nyumbani. Swali la kuuliza kila mstari wa orodha ya kuondoa ni hili: kikiondoka, mtoto atakuja Jumanne ijayo?

Mtazamo wa hospitali ulizidisha upofu huo. Si mtazamo mbaya, na kwa mwenye bajeti ndio unaohitajika kwanza. Lakini kwa tiba inayomweka mlezi wodini, gharama ya familia huingia kwenye matokeo kupitia mlango wa kukatiza matibabu. Ingetosha kuongeza jedwali moja la familia pembeni: nauli, chakula, mtaji uliotumika, deni, ndugu aliyetolewa shule. Kondakta wa matatu hatoi risiti, kwa hiyo kumbukumbu ya mzazi ni ya siku chache. Aulizwe kila ziara kuhusu safari ya siku hiyo, si mwisho wa mzunguko. Pale mzazi alipokubali kuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu, tarakimu zilitulia.

Hesabu ya pili nayo ina udhaifu ambao haufai kufichwa. Njia mbili zisizo na nauli hazikutokana na kura ya bahati nasibu. Watoto wa rejista walitibiwa miaka ya nyuma, na wauguzi wa sasa wamezoea zaidi. Huenda sehemu ya zile pointi 18 ni ya uzoefu. Timu ilijaribu kuzikata nusu: kwa pointi 9 gharama ni takriban Sh556,000 kwa mtoto wa ziada, bado chini sana ya Sh975,000. Jaribio bora lingegawa nauli yenyewe kwa bahati nasibu, ingawa ni vigumu kumtazama mzazi na kumwambia yeye ni wa kundi lisilolipwa, na kamati ya maadili ingekuwa na haki ya kuuliza sana.

Yaliyofanya kazi yanastahili kuigwa. Kiasi kilichotumika kiliandikwa kando na bei: vichupa, usiku, vipimo. Kwa sababu hiyo hesabu ya pili ilichukua wiki tatu tu. Nesi mkuu alionyeshwa tarakimu kabla hazijachapwa, akaokoa kosa la kitanda. Timu pia haikujificha nyuma ya kile kizingiti cha mara 1 hadi 3 ya pato la taifa kwa kila mtu, ambacho tiba ikiwa chini yake huitwa yenye thamani ya gharama. WHO yenyewe imeshaonya kisitumike peke yake kuamua. Ilionyesha njia nne na bei zake, kamati ikachagua.

Muhtasari wa kwanza ndio uliokosa kabisa. Kurasa mbili, tarakimu moja, na hakuna sentensi inayosema matokeo haya yalipatikana wazazi wakilipiwa nauli. Itifaki ilikuwa nayo, ukurasa wa 41. Kamati haisomi ukurasa wa 41.

Bima haijabadili jambo hili. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, Oktoba 2024, na fedha zake huenda hospitalini. Bodaboda hadi lami bado ni ya mlezi. Hospitalini hapo fomu ya kumwanzishia mtoto tiba sasa ina mstari mpya chini ya uzito na urefu: mlezi anatoka wapi, safari ni shilingi ngapi, na nani atabaki na biashara. Hujazwa kabla dawa ya kwanza haijachanganywa.